Tungule (nyanya) zinaoza kitako? Ng'oa shina moja kwanza

Ndugu yangu wa Kisauni, umesema unatia maji kila jioni, majani yanapendeza, lakini adhuhuri tungule zinalegea na matunda yanaoza kitako. Umeshapiga dawa ya ukungu mara mbili na hali ni ile ile. Hayo yalinikuta hapa Shanzu, kwa hivyo nakusihi: kabla hujatoa pesa nyingine, ng'oa shina moja.

Nilipong'oa langu niliumia moyo. Mizizi ilitandaa kama sahani, yote juu juu, haifiki hata shubiri moja. Chini yake mchanga mkavu, mweupe. Kumbe miezi miwili nalowesha uso wa ardhi tu, na mzizi hauendi pasipo na maji. Jua la saa saba likiukausha ule uso, mmea hauna pa kunywa. Tena kisima changu kina chumvichumvi, na maji ya rasharasha huiacha chumvi pale pale penye mizizi.

Huko kuoza kitako hakuletwi na ukungu. Tunda limekosa madini ya kalsiamu. Kalsiamu husafiri na maji, na maji yakija kwa vipindi, ncha iliyo mbali na kikonyo ndiyo hukosa kwanza, hata kama udongo unayo.

Siku hizi miche nikishaihamisha naitilia kidogo kila siku, kama juma moja, mpaka ishike. Halafu naachisha: siku moja naruka, ila siku ya zamu nashibisha mpaka nikitia mkono mchangani nakuta unyevu chini ya shubiri. Mizizi huyafuata maji yakishuka. Maua yakitoka, hakuna kuruka tena. Kila asubuhi kipimo kile kile, na kaskazi likikaza nagawa mara mbili, kwa sababu mchanga wetu hauweki maji. Ukimwaga mengi kwa mkupuo yanapita na mbolea yako. Usikaushe siku tatu kisha ukafidia kwa mafuriko, matunda yatapasuka. Jioni nimeacha, majani yakilala na maji ndipo ukungu wa kweli unapoingia.

Matandazo ya nyasi kavu usiyasahau.

Mistari ile ile sita iliyonipa kreti nne, msimu uliofuata nilipeleka soko la Kongowea kreti tisa, mbegu ile ile. Matunda yaliyokwisha oza hayaponi, yatoe. Kesho asubuhi chimba, utuwekee hapa picha ya mizizi tuione.