Usyk au Inoue, nani akae namba moja 2024?

Mkuu nimekuelewa, mnapanga listi ya mabondia bora wa 2024 hapo kijiweni Sinza mmegawanyika kati ya Usyk, yule Mukreni wa uzito wa juu, na Inoue, Mjapani wa uzito mdogo, na watu washaweka hela. Kwanza hizo hela mrudishiane, nishaona washkaji Manzese wanakunjana mashati kwa ubishi kama huo.

Halafu usihesabu KO, yaani ushindi wa kumwangusha mtu asiendelee, angalia kampiga nani. Usyk kampiga Muingereza Fury mara mbili, 18 Mei na 21 Desemba, zote Riyadh, jitu refu na zito kuliko yeye, ile raundi ya 9 ya pambano la kwanza Fury anayumba kona hadi kona mpaka refa akamhesabia, aisee bado naiona. Inoue hatari, Mmeksiko Nery alimdondosha raundi ya 1 akaamka akammaliza ya 6, ila Nery sio Fury. Kwangu Usyk.

Pagumu ni kuwapanga Beterbiev na Bivol, mabondia wa uzito wa kati waliopigana Oktoba, jaji mmoja alitoa sare. Hilo rudieni kulicheki mmezima sauti, kila mtu ajaze pointi kwenye daftari raundi kwa raundi, ndo mlinganishe. Na Mwakinyo nampenda sana, ila kumpiga yule Muingereza Eggington ni 2018, msimwingize kwa hilo.