Maswali ya Wasomaji: Insha Mbili, Nchi Moja

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa historia, mwaka wa pili. Mwalimu ametupa insha za wenzetu tuzitolee maoni, nami nimepata mbili kuhusu Tanzania ya miaka ya 1960. Ya kwanza inaeleza ujenzi wa taifa kwa Kiswahili, Jeshi la Kujenga Taifa na kufutwa kwa utawala wa machifu. Ya pili inaeleza Vita Baridi kana kwamba sisi tulikuwa uwanja tu wa mataifa makubwa. Nahisi kila moja imebeba nusu ya habari. Niwaambieje bila kuwavunja moyo?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Unahisi sawasawa, ila maneno ya jumla hayatawasaidia wenzako. Chukua tukio moja uwaonyeshe, na mimi ningechagua mzozo wa Ujerumani mbili.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ilhali Tanganyika ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi, iliyokuwa ikizichukulia hatua nchi zilizomtambua hasimu wake. Tarehe 26 Aprili nchi zetu zikaungana, na jamhuri changa ikajikuta ina wageni wawili wasiokubali kuketi jamvi moja. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya kati: ubalozi wa Mashariki uliokuwa Zanzibar uondoke, na badala yake pawe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, pasipo kuitambua rasmi nchi hiyo. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, mapema mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, naye Mwalimu akaitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali.

Hapo ndipo insha mbili zinapokutana. Kuamua nani awe na ubalozi, na wapi, kulikuwa ni kuamua kama Muungano una sauti moja mbele ya dunia, na hilo ni ujenzi wa taifa hasa. Zanzibar nayo ilikuwa na haja zake: ukisimama leo Michenzani na kuyatazama yale maghorofa marefu yaliyopangwa kando ya barabara, unatazama mipango iliyochorwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, na ndani yake watu wanaanika nguo na kulea watoto. Na nchi inayothubutu kurudisha msaada haiwezi kuitwa uwanja tu.

Anza kwa kuwasifu kwa walichokifanya vizuri, kwa dhati, kisha uandike maswali pembezoni mwa ukurasa badala ya hukumu. Penye Jeshi la Kujenga Taifa, muulize wa kwanza: wanajeshi wetu walipoasi Januari 1964 na maasi yakazimwa na askari wa Uingereza, tukio hilo lilibadilishaje fikra juu ya vijana wa kulijenga jeshi jipya? Kwa wa pili, penye neno “uwanja”, andika: mwaka 1965 nani aliamua?