Anza na Nyayo, Uso Utasubiri

Mhusika wangu wa kwanza wa katuni ya kompyuta, niliyemvisha mwendo uliorekodiwa kwa mwigizaji halisi, alitembea kama aliyekanyaga sabuni. Data yenyewe haikuwa na kasoro: niliipakua bure kutoka hazina ya mienendo ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyorekodiwa kwa kamera za infraredi zinazopiga fremu 120 kwa sekunde. Mikono ilipunga vizuri, kiuno kikanesa kama cha mtu. Ila nyayo! Kila uliotua uliendelea kuteleza, nami kwa ubishi nikapoteza wiki 2 nikipamba vidole na uso, nikitumaini kwamba hakuna atakayetazama chini. Wa kwanza kuonyeshwa alitazama chini.

Kuteleza huko kuna sababu, na ukiijua hutahangaika. Katika faili nyingi za BVH, aina ya faili inayohifadhi mifupa ya mhusika na mwendo wake, mfupa mmoja tu ndio hupewa mahali pake, nao ni nyonga. Mingine yote hupewa pembe za kuzunguka. Goti halijui sakafu iko wapi. Linafuata mnyororo kutoka juu. Sasa chukua mwigizaji mwenye mguu wa sentimita 80, umvishe mwendo wake mhusika mwenye mguu wa sentimita 100. Pembe ni zilezile, kwa hiyo hatua inakuwa ndefu, lakini nyonga inasafiri umbali wa yule mfupi. Ziada hiyo lazima itokezee mahali, na hutokezea chini ya unyayo.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la tano: gawanya mguu wa mhusika kwa wa mwigizaji, kisha zidisha safari ya nyonga kwa jibu hilo, hapa 1.25. Kosa kubwa huondoka papo hapo. Kinachobaki kimalize kwa IK (inverse kinematics), yaani mguu ukokotolewe kutoka unyayoni kwenda juu. Tafuta fremu ambayo kisigino kinatua na ile ambayo vidole vinaiacha sakafu, uubane unyayo sakafuni kati ya fremu hizo. Usibane unyayo mzima kwa muda wote huo, maana kisigino hunyanyuka mapema vidole vikiwa bado chini. Mimi niliubana wote, nikapata askari wa gwaride.

Jambo la pili lililonigharimu ni kulainisha. Data ghafi hutetemeka, na kile kitufe cha kichujio, kinacholainisha mistari ya mwendo, kinavutia sana. Nilikibofya mara 3. Mtetemo ukaisha, na uzito wa mwili ukaisha nao. Kishindo cha kisigino kutua huchukua fremu chache tu, na kwa kichujio hakina tofauti na takataka. Lainisha kiungo kimoja kimoja: mgongo unavumilia sana, miguu haivumilii. Na ukiona mkono unajizungusha nyuzi 360 ghafla kati ya fremu 2, hapo kichujio hakina kazi. Tatizo ni namna pembe zilivyoandikwa. Zirekebishe ziwe mfululizo kwanza.

Kama unarekodi mwenyewe, mwambie mwigizaji asimame wima na mikono iliyonyooshwa kando, mwanzoni na mwishoni mwa kila rekodi. Ukilinganisha mikao hiyo 2 utajua kama vihisi vimepotoka njiani. Suti za vihisi zenye dira ndani yake huchanganywa na chuma, kwa hiyo kaa mbali na meza za chuma na sakafu yenye nondo nyingi. Apige makofi mara moja pia, ili uoanishe data na video. Video hiyo usiidharau, hata ya simu: kwa mfumo wa kamera, alama zilizobandikwa mwilini mwa mwigizaji zikifichwa na mkono, mfumo unakisia, na video ndiyo itakayokwambia ukweli.

Kipimo changu nimekiazima kwa Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Uswidi. Mwaka 1973 alionyesha kwamba nukta 10 hadi 12 za mwanga kwenye viungo zinatosha mtazamaji kutambua mtu anayetembea gizani. Basi nami huficha umbo la mhusika, nguo na taa, nikabakiza nukta kwenye viungo, kisha namwita mtu ambaye hajaiona kazi hiyo. Namuuliza kitu kimoja tu: huyu ni mzito au mwepesi? Akisitasita, narudi kwenye nyonga na nyayo, na uso unaendelea kusubiri.