Mungu Alinipitisha Gikomba

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye Misa ya upadrisho. Mapadre wapya walipoanza kuvikwa stola, ule ukanda wa shingoni, na kasula, lile vazi la juu la Misa, niliushika mkono wa dada yangu kwa nguvu, maana kasula mojawapo niliishona mimi, kwenye kibanda changu katika soko la Gikomba, Nairobi. Jioni hiyohiyo nikakuta ujumbe wa msichana aliyerudishwa nyumbani kutoka utawani. Anauliza kama Mungu alimwita kisha akamgeuka.

Mdogo wangu, mimi pia nilirudishwa. Nilikuwa nimemaliza upostulanti, hatua ya mwanzo ya malezi ya utawa, nasubiri kuingia unovisi, hatua inayofuata. Sista mlezi aliniita baada ya Masifu ya asubuhi, akaniambia sina wito, nifunge sanduku. Sababu sikuambiwa, na mpaka leo sijaambiwa. Nilipanda matatu nimelipakata sanduku la bati, nikiwaza nitamwambia nini mama, na jumuiya nzima ya waumini wa mtaani ilikuwa imetuchangia nauli na shuka. Pale mtaani Kayole walioniita sista wakaanza kunipita kimyakimya. Bado inaniuma.

Kule utawani nilitamani kufundisha, wakaniweka chumba cha kushona. Niliona ni adhabu. Basi mikono hiyohiyo ndiyo iliyonilisha: kwanza kufupisha suruali za mitumba, miaka ikapita, halafu siku moja katekista wetu akaniletea alba, ile kanzu nyeupe ya Misa, iliyochanika. Nikaitengeneza bila kumtoza. Wiki iliyofuata akaja na stola tatu. Leo mapadre wa parokia kadhaa za Nairobi wanavaa kazi yangu, na nasema hivyo kwa fahari.

Fungua Kutoka 13, mstari wa 17. Njia ya kupitia nchi ya Wafilisti ilikuwa karibu, lakini Mungu hakuwapitisha huko, wasije wakaona vita wakarudi Misri. Akawazungusha jangwani. Yule anayezungushwa haoni vita alivyoepushwa, anaona mchanga tu. Na Mtakatifu Josephine Bakhita alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, mpaka akafikishwa Italia, akabatizwa mwaka 1890, kisha akawa mtawa. Dhambi ya waliomuuza ilibaki dhambi, ila Mungu alipita humohumo.

Kwa hiyo sali. Usiache Misa kwa sababu ya aibu; mimi niliacha miezi saba na sikupata nafuu yoyote. Kaungame hasira yako kwa Mungu, hata ukiona una haki nayo. Rudi kwenye jumuiya yako, kaa nyuma ukitaka, lakini kaa. Sali hata pale maneno yanapokukwama, shika rozari tu. Wewe uliyempa Mungu ujana wako, usimnyang'anye sasa kwa sababu ya barabara moja kufungwa.

Kesho nitakuombea Misa ya saa kumi na mbili kabla sijafungua kibanda. Na kama unajua japo kutia kifungo, njoo. Kuna stola za zambarau hapa zinazotakiwa kabla ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, na niko peke yangu.