"Explain You": Maneno Mawili Yaliyoninyima Kazi Shela

Juzi baada ya isha niliingiwa na ujumbe kwenye simu kutoka kwa binti wa Langoni, hapa Lamu. Ameitwa intavyuu ya kazi ya mapokezi, na kabla ya kupeleka barua yake alimwonyesha jirani yao aliyesoma. Jirani akamwambia "discuss about" ni kosa. Binti ananiuliza: "Dada, mbona sisi sote twasema hivyo? Kosa liko wapi?"

Sikulala mapema usiku ule. Swali lake lilinirudisha 2016.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti kizuri, na Kiingereza nilipata alama ambayo mama aliitangaza mtaa mzima wa Mkomani. Nilipoitwa kwenye hoteli moja ya Shela nilivaa buibui jipya, nikapanda boti gatini, moyo umetulia kabisa. Tulikuwa vijana 5 tumekaa barazani tukisubiri. Mkubwa wa pale hakutuita mmoja mmoja. Alichukua barua zetu akazisoma pale pale, mbele ya wote, na yangu akaisoma kwa sauti.

Nilikuwa nimeandika kwamba nitawaeleza wageni historia ya Lamu, na kwa kumhakikishia kwamba naijua, nikaongeza: "I can also explain you." Akainua macho akaniuliza, "And who is going to explain you?" Wote wakacheka. Nami nikacheka nao, kwa sababu sikujua kinachochekwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliwasaidia kunicheka.

Kazi sikupata. Nilirudi kwa miguu kandokando ya bahari, viatu mkononi, na maneno yale yananizunguka kichwani.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, mzee ambaye kila alasiri hukaa dakani kwake na kahawa. Nilimpa ile barua. Hakucheka. Alisema, "Mwanangu, wewe hujakosa Kiingereza. Umeandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza." Kisha akaniambia nimpe sentensi mbili za Kiswahili zenye neno kulalamika. Nikasema: nililalamikia chumba, nilimlalamikia mwenye hoteli.

"Umeona?" akasema. "Chumba ndicho kibaya, na mwenye hoteli ndiye anayesikiliza. Mambo mawili tofauti, na kitenzi chako ni kile kile, lalamikia. Ile -ia imebeba yote mawili tumboni. Mzungu hana -ia. Yeye hukitoa nje kile kilicho tumboni, akakipa neno lake: complain about the room, complain to the owner."

Nilihisi kama mtu amefungua dirisha. Miaka yote ya shule niliambiwa vihusishi vya Kiingereza, yaani to, for, about na wenzao, havina sababu, vikariri tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lugha yangu mwenyewe ina kauli ya kutendea, ndiyo hiyo -ia, na kwamba kauli hiyo ndiyo inayonidanganya. Tena sisi twasema nieleze, nijibu, nisikilize, niambie, na yule "ni" anaingia ndani ya kitenzi bila kubisha hodi. Basi tukifika kwenye Kiingereza twamsukuma mtu moja kwa moja: explain me, reply me, listen me. Lakini "explain me" kwa masikio yao maana yake mimi ndiye fumbo linalofumbuliwa. Nami nilipomwandikia yule bwana "explain you", nilimfanya yeye ndiye fumbo, ndiyo maana akauliza atakayenifumbua mimi ni nani.

Vitenzi vyao vya mazungumzo viko makundi mawili. Kuna vinavyompokea mtu bila mlango: tell me, ask me, answer me, inform me, contact me. Ukivitilia "to" au "with" hapo umekosea. Hakuna "tell to me", na hakuna "contact with us". Na kuna vinavyotaka mlango: say to me, explain it to me, reply to me, listen to me, suggest it to me, apologise to me, speak to me. Tell na say kwetu ni ambia na sema, tena Kiswahili kinakusaidia hapa, kwa sababu "amenisema" si "ameniambia". Say ni sema, tell ni ambia. Anayekumbuka hilo hatasema "he said me" maishani mwake.

Discuss ndicho kilichomsumbua binti wa Langoni, na kilinisumbua mimi pia. Discuss ni kujadili. Hujadili "kuhusu" mshahara, wajadili mshahara: discuss the salary, na ukitaka kumtaja mtu, discuss the salary with the manager. Kinachotupoteza ni kwamba nomino yake ina about. A discussion about the salary ni sahihi kabisa. Twaichukua ile about ya nomino twaibandika kwenye kitenzi. Mwalimu alinionyesha kwamba ugonjwa huu ni mmoja na una watoto wengi: a request for water ni sawa, lakini I request for water si sawa, an answer to the question ni sawa, lakini I answered to the question si sawa. Tena "answer to" kama kitenzi ina maana yake nyingine: she answers to the manager, yaani meneja ndiye mkubwa wake.

Kuna mahali Kiingereza ndicho chenye uvivu na Kiswahili ndicho chenye utajiri. Sisi tuna kuuliza, tuna kuomba, tuna kumuulizia mtu hali. Wao mara nyingi hutosheka na ask mmoja tu, wanambadilisha nguo: ask the price, ask for water, ask after your mother. Niliposikia hilo nilifurahi sana. Sikuwa tena mtoto anayechekwa barazani. Nilikuwa mtu mwenye lugha kubwa anayejifunza lugha nyingine.

Kipindi kilichofuata sitakisimulia, kilikuwa daftari na kukariri tu. Nilichokariri ni kitenzi pamoja na mtu wake na jambo lake, kwa pumzi moja. Argue with someone about something. Apologise to someone for something. Agree with a person, agree to a plan, agree on a price. Nilikuwa nikitoka Mkomani hadi sokoni nayasema kimoyomoyo, punda wakinipita. Usikariri "apologise" pekee yake. Kariri apologise to someone for something.

Leo nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa mjini. Mwezi uliopita boti yetu ilichelewa kuwachukua wageni uwanja wa ndege wa Manda, watu na watoto wao wakakaa juani. Barua ya kuomba radhi niliandika mimi: "We apologise to you and your family for the delay." Mwenye nyumba aliisoma mara mbili, kisha akasema tangu siku hiyo barua zote za wageni ziandikwe nami. Najivunia hilo, na sioni sababu ya kulificha.

Sasa nawaambia nyinyi mliosoma, mnaokaa upande wa pili wa meza. Kijana akikuletea barua yenye "reply me", mpe kalamu, mwonyeshe, dakika 2 zatosha. Ukimsomea mbele ya wenzake humfundishi Kiingereza, wamfundisha kunyamaza. Nawajua wasichana wa umri wangu ambao hawakuomba kazi tena baada ya kuchekwa mara moja, na Kiingereza chao kilikuwa bora kuliko changu. Nanyi vijana, msihangaike na lafudhi. Mgeni anasamehe lafudhi. Shikeni kitenzi na mtu wake na jambo lake.

Dadangu wa Langoni, barua yako nimeisoma. Katika sentensi ya tatu futa about, iwe "I would like to discuss my duties with you." Ya tano, badala ya "kindly reply me" andika "kindly reply to me." Iliyobaki ni nzuri, usiiguse. Kesho baada ya alasiri njoo kwetu, unisomee yote kwa sauti kabla hujapanda boti.