Maswali ya gitaa: nyuzi kwanza, vingine baadaye

Tangu niandike kwamba albamu ya panki roki inaweza kurekodiwa hukuhuku kusini bila kupanda basi kwenda Dar, maswali hayakauki. Leo nachukua matano.

Kaka, pedali gani ya distosheni (kile kisanduku cha mguuni cha kukwaruzisha mlio) itanipa mlio wa panki? (Masasi)

Hili nimeshalijibu mara tatu. Hakuna. Johnny Ramone, mpiga gitaa wa bendi ya panki ya Ramones ya Marekani, alichomeka gitaa lake la Mosrite kwenye amplifaya ya Marshall, na albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ilirekodiwa kwa wiki moja hivi kwa takriban dola 6,400. Ule ukali ni wa mkono wa kulia: kila pigo linashuka chini, mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Jaribu dakika mbili tu, utasikia mkono unavyowaka.

Shikamoo. Gitaa letu linasikika kama limefunikwa blanketi. Hela ya korosho imeingia, tununue jipya? (Lindi mjini)

Marahaba. Hela ya korosho iacheni kwanza. Nyuzi mlibadilisha lini? Vijana wawili waliwahi kuniletea gitaa nyumbani Mikindani wakiwa na malalamiko hayohayo. Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya nyuzi, kikatoka na mistari sita ya kutu. Nikafunga seti mpya, nikauvuta kila uzi kwa vidole, nikatyuni, nikavuta tena, mpaka zikatulia. Walipolisikia wakaniuliza nimebadilisha nini ndani. Sikugusa kitu ndani.

Upepo wetu una chumvi, na uzi ni chuma. Ufuteni kila mkimaliza kupiga, na gitaa lisitundikwe dirishani kuelekea bahari. Wakati wa kurekodi fungeni nyuzi mpya na mtyuni kabla ya kila wimbo, maana kutyuni asubuhi peke yake hakutoshi. Na hili hamkuuliza: bonyezeni uzi kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa), kisha uguseni tu hapohapo bila kubonyeza. Sauti hizo mbili zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu, kirudisheni nyuma, mbali na shingo, kile kichuma kinachobeba uzi kwenye daraja. Magitaa mawili yasiyopatana yanaharibu albamu nzima, na hakuna kompyuta itakayoyapatanisha.

Nimekopi rekodi ya gitaa moja nikaiweka kushoto na kulia. Mbona mlio haujanenepa? (Nachingwea)

Kwa sababu ni kitu kilekile mara mbili. Masikio yanakisikia katikati, kwa nguvu zaidi basi. Piga upya wimbo wote. Zile tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazonenepesha. Halafu punguza distosheni kila upande, la sivyo utapata mngurumo usiojulikana kodi (noti zinazopigwa pamoja) gani inapigwa.

Tumepata amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Tuichomeke tu? (Mtwara mjini)

Msichomeke! Someni nyuma yake. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, tafuteni transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kuibeba. Ikiwa ni ya vali (zile taa za kioo ndani yake), msiiwashe kamwe bila spika, mtaiunguza.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Nimeona vijana wanakata waya wa ethi ili mvumo upungue. Huo waya ndio unaowalinda. Ukishika nyuzi na midomo ikagusa maiki, umeme unaweza kupita mwilini mwako. Mkihisi hata kamchomo kadogo, zimeni vyote na mwite fundi umeme. Mvumo utafutiwe dawa kwenye waya wa gitaa, au kwa pikapu (vile vinasa mlio chini ya nyuzi) za koili mbili, ambazo zilibuniwa kwa kazi hiyohiyo.

Tuna maiki moja tu, SM57, na chumba cha bati. Inawezekana? (Ruangwa)

Inawezekana kabisa. Isogezeni mpaka vidole viwili kutoka kitambaa cha spika. Katikati ya spika mlio ni mkali, ukielekea ukingoni unalainika. Mmoja asogeze, mwingine asikilize kwa hedifoni. Taa nyekundu ya mashine ya kurekodi, ile inayoonyesha sauti imezidi, isiwake hata mara moja. Tundikeni magodoro ukutani, na mvua ikianza kugonga bati, wekeni gitaa chini mpaka iishe.