Likizo ya Mwezi wa Sita Tunaenda Rungwe, Tuanzie Wapi?

Tangu tuliposema toleo hili tutaongelea Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe kule Mbeya, na vijiji vyake, maswali yameingia mengi kuliko nilivyotarajia, na mimi kama mzaliwa wa huko nimefurahi mpaka basi. Nimechagua matano. Majina ya waulizaji nimeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbagala. Likizo ya mwezi wa sita mume wangu amepata siku sita, mbili za njiani na nne za kutembea, na tumekubaliana mwaka huu tusiende kukaa tu nyumbani kwa shemeji, twende Rungwe tukaone maporomoko na lile ziwa la Ngozi. Shida yangu, mtoto mkubwa ana miaka 14 na mdogo ana sita, alafu mama mkwe naye anataka kuja na magoti yake yanamsumbua. Je itawezekana au nitakuwa nimejitafutia lawama?

Nzuri mama, pole na majukumu. Itawezekana kabisa, na mama mkwe mje naye, ila msipange kila kitu mkafanye wote kwa pamoja, hapo ndipo familia nyingi zinapoharibu safari.

Tuanze na njia. Mabasi ya Dar kwenda Kyela yanapita Tukuyu mjini, kwa hiyo hamna haja ya kushuka Mbeya na kuanza kuhangaika na mizigo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800 lakini, siku nzima inaishia kwenye siti, sasa mkifika msijipangie kitu kingine zaidi ya kuoga maji ya moto na kula. Wengine wanapenda treni ya TAZARA mpaka Mbeya alafu wanachukua Kosta kwenda Tukuyu, kilomita kama 70, na hiyo barabara yenyewe kutoka Uyole kupanda kule juu Isyonje ni utalii tosha, ndizi, viazi, chai, ukungu, watoto watakaa dirishani hawatawasumbua.

Siku ya kwanza nendeni Daraja la Mungu na Kijungu, zote ziko upande wa Kiwira na zote ni mto huo huo mmoja, mto Kiwira. Daraja la Mungu ni mwamba umekaa juu ya mto kama daraja kweli, lava ya volkano ilishuka zamani sana ikaganda, maji yakaendelea kula chini yake mpaka yakapata njia. Mama mkwe hapo ataona bila shida, gari au bajaji inasogea karibu. Kijungu kipo ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo mnasimama getini, mnajieleza, mnajiandikisha, na msipige picha majengo yao. Pale mto mzima unaingia kwenye shimo la mwamba lenye umbo la chungu, maji yanazunguka kwa nguvu yanapotelea chini ya mwamba yanatokea mbele. Mama, hapa nakuomba sana. Yule wa miaka sita mshike mkono muda wote, sio kumwambia "usisogee", mshike. Mawe yana utelezi hata siku ya jua kwa sababu ya ule mvuke wa maji, na maji yenyewe hayana huruma. Picha pigeni mkiwa mmesimama mbali na ukingo, inatosha na inapendeza.

Siku ya pili Kaporogwe, kusini ya Tukuyu. Maporomoko ni marefu, unayasikia kabla hujayaona, na kuna pango nyuma ya maji ambalo wenyeji wanasimulia kuwa Wajerumani walijificha humo wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Kufika chini ni ngazi na kijia cha kuteremka, mama mkwe abaki juu kwenye kivuli na mtu wa kuongea naye, wala hatapungukiwa maana kule juu pia anaona. Mwezi wa sita maji bado yana nguvu maana mvua za kwetu zinaanza mwezi wa kumi na moja zinakuja kuisha wa tano, Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, sio mchezo.

Siku ya tatu baba na yule wa 14 wapande Ngozi, wewe na wadogo na bibi yao nendeni Masoko mkakae pembeni ya ziwa, au bakini mjini mzunguke sokoni mle parachichi na ndizi za kupika. Ya nne pumzikeni, nendeni Kiwira sokoni mkanunue mkungu wa kurudi nao Mbagala.

Na baridi! Watu wa Dar mnakuja na vitenge na kandambili. Mwezi wa sita na wa saba Tukuyu kuna baridi ya kweli, beba sweta mbili mbili kwa kila mtoto, soksi, na koti la mvua hata kama ni kiangazi.

SWALI: Mambo dada. Mimi ni kijana wa Dodoma, napenda sana kutembea. Mwaka jana nilifika Ngozi na washkaji wanne, vijana wa pale kijijini wakatufuata wanasema lazima tuwe na mtu wa kutuongoza na tumlipe. Tukakataa, tukaondoka hatujaona ziwa. Kwani maji aliyoumba Mungu nayo yanalipiwa? Naona ni usumbufu tu kwa wageni.

Poa mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hili jambo linaniuma.

Kwanza ule msitu ni hifadhi, kwa hiyo kuna kiingilio cha serikali, hicho unalipa kwa namba ya malipo unayopewa na unapata risiti, na kama mtu anakudai kiingilio bila risiti hapo una haki ya kukataa, tena mwambie kwa adabu akuelekeze ofisini. Hilo moja. Malipo ya mtu wa kukuongoza ni kitu kingine kabisa, huyo unampatana naye kabla hamjaanza kutembea, mbele ya wenzako, mnakubaliana ni kwenda na kurudi na ni kwa kundi zima au kwa kichwa. Nadhani nyie mlichanganya haya mawili, na wale vijana pengine hawakuwaeleza vizuri, basi mkaonana wabaya.

Sasa kwa nini umlipe. Miaka ya nyuma nilipanda Ngozi na marafiki zangu watatu, mimi mwenyewe nikawaambia hatuhitaji mtu, mimi ni wa huku. Tulienda vizuri tu mpaka karibu na ukingo, mianzi imefunga huku na huku, alafu ukungu ukashuka. Ukungu wa Poroto, hiyo milima yenye Ngozi, ukishuka unaweka mkono mbele huuoni vizuri. Tulichepuka kwenye kijia tukidhani ndicho, kumbe ni cha wakata kuni wa zamani, tukazunguka zaidi ya masaa matatu, mwenzetu mmoja akaanguka akateguka kifundo, mvua ikaanza. Aliyetutoa ni kijana mmoja aliyesikia tunapiga kelele, alikuja na panga na kipande cha turubai, akambeba mwenzetu mgongoni sehemu zile mbaya zote. Hatukumkuta na bei. Hakusema chochote kuhusu hela mpaka tumefika barabarani, na hata hapo sisi ndio tuliomuuliza.

Yule kijana anajua mti upi ukishika unavunjika, anajua ukungu ukianzia upande gani mrudi, anajua pale ukingoni pa kusimama na pa kutosimama, maana kutoka ukingoni ukiangalia chini ni ukuta wa msitu umesimama wima mpaka kwenye maji, kuteremka kunawezekana lakini ni kwa kushika mizizi na kupanda ndio kilio chenyewe. Huo ujuzi ameupata kwa kukulia pale. Wewe unalipa nauli Dodoma Mbeya, unalipa gesti, unalipa bando la kurusha picha, hao wote umewalipa bila kuuliza nani aliumba barabara. Anayebaki ni huyu anayeishi na huo msitu, ambaye akipata elfu zake kwa kuwatembeza watu ana sababu ya kuulinda usikatwe mkaa.

Rudi tena ndugu yangu, ziwa lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, liko ndani ya mdomo wa volkano uliobomoka, kijani ya msitu imelizunguka lote, siku ya jua rangi yake inabadilika kila wingu likipita. Ondokeni asubuhi mapema kabla ukungu haujaamka, ni mwendo wa saa moja mpaka mbili kutegemea gari limewaacha wapi. Na ukifika kijijini anza na "ugonile", wakikusaidia sema "ndaga fijo", utaona wanavyobadilika.

SWALI: Shikamoo dada, nasoma chuo Morogoro mambo ya wanyamapori. Nikienda mlima Rungwe nitamwona kipunji?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa masomo. Ukweli ni kwamba unaweza kukaa siku tatu usimwone, jiandae hivyo. Kipunji ni nyani mwoga anayeishi juu ya miti, na idadi yake ni ndogo, makadirio ya mwaka 2008 yalikuwa elfu moja na mia moja na kitu tu kwa dunia nzima, na dunia yake yenyewe ni Rungwe na milima ya Livingstone mpaka Kitulo, na kipande kingine kule Udzungwa. Ila kinachonifurahisha mimi kwenye habari yake ni kwamba wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja kwa jina hilo hilo miaka yote, watafiti wakasikia, wakafuatilia, wakamwona mwaka 2003, akatangazwa kwa dunia 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi, yaani kundi la kisayansi, yake peke yake, kitu ambacho kwa nyani wa Afrika hakikutokea tangu 1923. Yaani wazee wa kijijini walijua kabla ya maabara. Wewe nenda uongee na hao wazee, beba daftari, hata usipomwona kipunji utarudi na kitu cha kuandika. Mlima una kama mita 2,960 na ni hifadhi ya mazingira asilia, kibali uliza kwa TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, pale Tukuyu kabla hujapanga siku, na barua ya chuo ibebe.

SWALI: Dada, mimi ni mzee wa Mwanza lakini asili yangu ni Rungwe. Bibi yetu alitusimulia kuwa ziwa Ngozi zamani lilikuwa Masoko, wazee wakalifukuza kwa jiwe la moto likahamia milimani. Wajukuu wananicheka. Niwaambie nini nikiwapeleka?

Shikamoo baba. Waambie vile vile ulivyoambiwa na bibi, usipunguze hata neno, tena wasimulie mkiwa mmekaa pale pale Masoko. Mimi pia niliipata simulizi hiyo kwa bibi yangu, na nilipokuja kusoma shuleni kuwa Masoko na Ngozi zote ni matundu ya volkano sikuona ugomvi wowote, jiwe la moto na ziwa si ndio volkano yenyewe? Watu walioishi juu ya milima ya moto walitafuta namna ya kuwasimulia watoto wao.

Na Masoko ina mengi ya kuwaonyesha baba. Kuna lile jengo la mawe la Wajerumani lililokuja kuwa mahakama, kuna habari za sarafu za kijerumani zilizookotwa ziwani, na wanasayansi wamewahi kutoboa matope ya chini ya ziwa ili kusoma mvua na ukame wa maelfu ya miaka iliyopita. Hao wajukuu wanaokucheka waambie matope ya kwenu yanasomwa Ulaya.

Ila wasizamie kutafuta hizo sarafu, tafadhali. Kingo za maziwa haya ya volkano ni fupi, hatua chache tu chini hakuna.

SWALI: Za leo dada. Nataka kuunganisha Rungwe na maua ya Kitulo safari moja. Mwezi upi mzuri?

Salama. Hapo umegusa penye mgogoro, kwa sababu maua ya Kitulo yanachanua wakati wa mvua, kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, na njia za Rungwe ni nzuri wakati wa kiangazi, wa sita mpaka wa kumi. Ukija wa nane utapata Ngozi safi na Kitulo nyasi tupu. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa ajili ya maua hasa, kwa hiyo kwenda bila maua mimi sikushauri. Njia unaweza kupitia Isyonje ukitokea upande wa Tukuyu, au ukapandia Chimala kwenye zile kona 57, ila hiyo ya pili na mvua iwe na dereva anayeijua.

Kwa hiyo kama safari ni moja tu, njoo mwezi wa pili. Kaporogwe itakuwa imejaa, Kitulo imechanua, Ngozi utaipanda kwa kuviziavizia asubuhi moja isiyo na mvua. Acha siku mbili za ziada kwa ajili ya hiyo asubuhi, na gambuti nunua Mbeya mjini kabla hujapanda gari la Tukuyu.